Muuguzi mmoja, kisiwa kizima

Mhariri,

Juzi nilimpeleka mama zahanati moja ya visiwani huku Lamu. Muuguzi ni mmoja tu: ndiye mpima presha, ndiye mkunga, ndiye mgawa dawa, na deki hupiga mwenyewe. Macho yalikuwa yamemwiva, alikesha akizalisha. Tena yeye ndiye aliyetuomba radhi kwa kutuchelewesha!

Afya ilikabidhiwa kaunti tangu 2013. Mgomo wa madaktari wa 2024 ulidumu siku 56, na ulipoisha hatukuona sura mpya hapa kwetu. Muuguzi huyu akiugua, mlango hufungwa, mgonjwa akatiwa mashuani hadi mjini, hata bahari ikichafuka wakati wa kusi. Kaunti imwajirie mwenzake, angalau naye apate kulala.

Msomaji wako,
Lamu