Barua kwa Mwanangu: Mtu wa Mahuta

Newala, mwezi wa Novemba

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na mkeo, nikitumaini kwamba barua hii itawakuta mkiwa na afya ya mwili, kwa kuwa najua ile ya moyo haijarudi bado. Huku nyumbani tunaendelea vizuri. Korosho za kwanza tumekwisha kuzipeleka chama cha msingi, na mama yako anauguza goti lake lile lile. Wiki iliyopita mkeo alimpigia simu akamweleza kwamba tangu mlipomzika mtoto, sasa ni mwezi wa pili, hujalitaja jina lake hata mara moja. Kwamba unarudi kutoka kazini, unakula ukiitwa, kisha unalala. Hakusema kwa kukulaumu. Alisema kama mtu anayeomba kusaidiwa kubeba mzigo. Nimeona nikuandikie, kwa sababu ningekupigia simu ungenijibu "sijambo, baba", nami ningelazimika kuishia hapo.

Unajua kwamba kabla yako alikuwepo mwingine. Unajua kwa sababu mama yako humtaja. Mimi sikuwahi kumtaja mbele yako, na hilo ni kosa langu ambalo leo nataka kulirekebisha. Alizaliwa mwaka 1988, hana uhai. Nilikuwa mwalimu kijana, na nilimbeba mwenyewe hadi makaburini akiwa amezungushiwa kitambaa cheupe. Kesho kutwa yake nilikuwa darasani. Nilikuwa nimepita jandoni na kufundishwa kwamba mwanamume huvumilia, na mafundisho hayo sikuyadharau wakati ule wala siyadharau leo. Ila mimi niliyaelewa vibaya, nikadhani kuvumilia ni kunyamaza. Nilifundisha hesabu, nikasahihisha madaftari, nikapiga kengele kwa saa yake. Kilichonishinda ni kipindi cha mwisho cha Ijumaa, ambacho watoto wa darasa la pili walizoea kusimuliwa hadithi. Nilisimama mbele yao nikasema, "Hadithi, hadithi!" Wakaitikia kwa sauti zao zote, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Kisha nikakosa la kusema. Hadithi zote za sungura na fisi nilizokuwa nazo tangu utotoni, hakuna hata moja iliyokuja. Niliwaambia waende nyumbani, wakaondoka kimya kimya, jambo ambalo watoto wa umri ule hawalifanyi.

Habari hizo zilimfikia mjomba wangu, yule mchongaji wa Kitangari ambaye wewe ulimkuta akiwa mzee sana. Unajua kwetu mjomba ana neno juu ya mpwa wake hata mpwa huyo akiwa na mke na mshahara. Alikuja jioni, hakutoa pole, hakuniuliza kitu. Aliketi barazani akatoa katika kikapu kipande cha mpingo na tezo yake ndogo, akaanza kuchonga. Nakumbuka alivyokuwa akiondoa tabaka jeupe la nje, vipande vyepesi vikiruka hadi miguuni pangu, mpaka tezo ilipogonga kiini cheusi na mlio ukabadilika, ukawa mkavu kama wa chuma. Hapo, bila kuinua macho, akasema, "Hadithi, hadithi." Mimi, mtu mzima, mwalimu wa serikali! Sikuitikia. Akaendelea kuchonga, halafu akarudia. Sikuitikia. Aliporudia mara ya tatu nikasema, "Hadithi njoo," kwa sauti ya chini, kwa kumheshimu tu.

Akasimulia hadithi ya asili yetu sisi Wamakonde, ile ya mtu wa Mahuta, ambayo nilikuwa nimeisikia mara nyingi bila kuisikiliza. Zamani, Mahuta ilipokuwa pori tupu, alitoka humo mtu ambaye hakuoga wala hakunyoa, na alikula na kunywa kidogo sana. Mtu huyo alikuwa peke yake. Akatwaa mti, akachonga umbo la mwanadamu, akalipeleka kwake porini na kulisimamisha wima. Usiku ule umbo likapata uhai, likawa mwanamke. Wakashuka pamoja hadi mto Ruvuma kuoga. Huko mwanamke akajifungua, na mtoto akatoka hana uhai. Wakaondoka, wakavuka nyanda za juu, wakateremka katika bonde la Mbwemkuru, na huko nako mtoto wa pili akazaliwa maiti.

Hapo mjomba akaacha kuchonga. Akauliza kwa sauti ile ile ambayo angeulizia habari za mvua, "Yule mtu, alipokuwa akichimba kaburi la pili, unadhani alisema nini?"

Nikajibu kwamba hakusema kitu.

"Basi aliwaza nini?"

Nikajisikia nikisema kwamba aliwaza juu ya kucha. Kwamba mtoto alikuwa na kucha zilizokamilika, ndefu kidogo, kama za mtu aliyesahau kuzikata, na baba yake hakuelewa kwa nini mtu ajaliwe kucha kamili kisha anyimwe pumzi. Nikasema mtu yule aliona haya kwa mkewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyemleta duniani, na sasa kazi yote ya kuumia ilikuwa juu ya mke. Nikasema mengi. Hakuna hadithi yoyote ya mtu wa Mahuta yenye maneno hayo. Mjomba alilijua hilo, nami nilijua kwamba analijua, lakini hakunikatiza. Aliitikia tu "enhe", kama msikilizaji yeyote wa hadithi, mpaka giza likatukuta pale barazani na vipande vyeupe vya mpingo vikawa ndivyo pekee vinavyoonekana sakafuni.

Mwanangu, tangu jioni ile nimeelewa kwa nini wazee wetu huanza kwa kuita uongo uje. Neno "mimi" lilikuwa zito kwangu kuliko jiwe la kusagia, na kama mjomba angeniuliza ninavyojisikia, ningemjibu vile ambavyo ungenijibu wewe katika simu. Alinipa mdomo wa mtu mwingine niupitishie maneno yangu, na nilipokwisha kuyapitisha nikakuta kwamba yule aliyekuwa akisema nilikuwa mimi. Tena hakuna msimulizi anayeweza kusonga mbele bila wa kumwitikia. Desturi yetu yenyewe imekataa mtu asimulie peke yake.

Ndipo akaimalizia. Wale wawili walirudi juu, Mahuta, na huko mtoto wa tatu akazaliwa, akaishi, na baada yake wengine wengi. Yule baba akawausia wasikae mabondeni wala karibu na mito mikubwa, kwa kuwa huko kuna maradhi na mauti. Nyumba zao ziwe mbali na maji, mwendo wa saa moja au zaidi. Mjerumani Karl Weule, aliyepita Lindi, Masasi na hapa Newala mwaka 1906, aliiandika hadithi hii katika kitabu chake, na nilipoisoma miaka mingi baadaye niliona kwamba mjomba, ambaye hakuwahi kukishika kitabu hicho, hakuwa ameongeza wala kupunguza jambo kubwa. Upande huu wote wa kusini ulikuwa bado na majeraha ya vita vya Maji Maji. Huwa nafikiri juu ya watu wale, wenye makaburi mapya, wakimwanzia mgeni habari zao kwa wazazi waliozika mara mbili.

Nilipokuwa mtoto nilimnung'unikia bibi yangu kwa nini babu zetu walijenga huku juu ilhali maji yako chini, na yeye anapanda mteremko na mtungi kichwani. Baada ya jioni ile nilikwenda peke yangu Shimo la Mungu, pale ukingoni mwa Newala, nikatazama bonde lote la Ruvuma lilivyotanda chini kama kitambaa, nikajua kwamba mahali hapa nilipozaliwa palichaguliwa na baba aliyefiwa. Sikuwa mgeni katika msiba wangu. Nilikuwa nyumbani.

Naandika haya kwa hofu pia, kwa sababu hadithi inaweza kutumiwa vibaya. Usimpe mkeo hadithi hii kama ahadi kwamba atakayefuata ataishi; mimi sijui hilo, na mjomba hakuniahidi. Wewe ulizaliwa mwaka 1991, na furaha tuliyoipata haikumlipia yule wa kwanza, wala hatukutaka imlipie. Na watakuja watu na hadithi nyingine: kwamba kuna jirani mwenye husuda, kwamba mkeo alikosea jambo fulani, kwamba nyota zenu haziendani. Hizo nazo ni hadithi, na mtu akizikalia usiku baada ya usiku zinamfinyanga, anageuka mtu mwenye kumtafuta wa kumchukia. Wakianza, waombe waondoke. Ukali huo nakuruhusu.

Nakumbuka jambo moja zaidi. Vita vya Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, watu wengi walivuka Ruvuma wakaja upande wetu, na familia mbili zilikaa karibu na kwetu. Walikuwamo wazee ambao kila usiku, kabla ya hadithi yoyote, walitaja kwa mpangilio vijiji walivyopita kutoka Mueda, na mtoto aliyekosea mpangilio alirudishwa mwanzo. Sisi wenyeji tulijifunza majina hayo kabla hatujajua kuandika. Bibi mmoja katika wale alifika akiwa hasemi. Nilimsikia kwa mara ya kwanza siku alipomsahihisha mjukuu wake aliyeruka kijiji kimoja. Alikitaja, akaongeza kwamba kisima chake kilikuwa na maji matamu, na tangu usiku huo akawa yeye ndiye anayetuita watoto tukusanyike.

Basi, Jumatano ninashuka Mtwara mjini, na Alhamisi alfajiri nitapanda basi kuja Dodoma. Mama yako amenifungia korosho na ming'oko, na kitenge cha mkeo. Mwambie asijisumbue kuandaa chumba, mkeka unanitosha. Jioni nitakaa nawe barazani na nitasema maneno yale mawili unayoyajua, kisha nitanyamaza ningoje. Usipoitikia siku hiyo, nitayarudia kesho yake na kesho kutwa. Nimestaafu, na tiketi ya kurudi sijakata.

Ni mimi baba yako.