Santuri, usizipige kabla hujazisoma

Mwanangu Rukia,

Picha za lile sanduku nimezitazama moja moja. Zile sahani nyeusi nzito si takataka, hata kama aliyekuuzia alizipima kama vyuma chakavu. Najua una hamu ya kuzisikia, lakini nakusihi usizipige kwanza. Santuri ikipitiwa na sindano isiyo yake hukwanguka, na kilichokwanguka hakirudi.

Anza kwa kuzisoma. Ishike sahani ukingoni kwa viganja, vidole visiguse mifereji, ile mistari inayopitiwa na sindano. Nakili kila kilicho kwenye lebo: kampuni, namba, majina, lugha. Kisha iinamishe penye mwanga wa dirisha, utazame ile nafasi tupu kati ya mfereji wa mwisho na lebo. Mara nyingi utaona namba nyingine iliyochongwa pale. Hiyo ndiyo inayotambulisha rekodi yenyewe, kwa sababu rekodi moja iliweza kutolewa tena kwa lebo nyingine. Chungulia na tundu la katikati. Ukiona chuma ndani yake, hiyo ni sahani iliyopakwa rangi, ya aina iliyotumika redioni, na ngozi yake hubanduka. Hiyo usiioshe wala usiipige, itenge.

Ukikuta lebo ya mbwa anayesikiliza gramafoni, yaani ya kampuni ya His Master's Voice, na maneno ya Kiswahili juu yake, zidisha uangalifu. Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na kampuni hiyo, nao wakaimba kwa Kiswahili wakati taarabu ya kasri ya Unguja ilikuwa ya Kiarabu. Kwangu mimi huo ni ubunifu mkubwa kuliko mwingi unaosifiwa leo. Sahani ya sentimita 25 hubeba takriban dakika 3 kila upande, basi usishangae wimbo ukianza bila madoido na kuisha ghafla.

Sasa kuosha, maana hapa ndipo wengi wanapoziua. Sahani hizi si za plastiki. Ni shelaki, yaani ute wa wadudu wadogo wa India, uliochanganywa na unga wa mawe na masizi. Spiriti huiyeyusha, kwa hiyo isikaribie kabisa. Chukua nusu lita ya maji ya betri, yale yasiyo na asidi, utie matone mawili au matatu ya sabuni ya vyombo. Sugua kwa brashi laini ukifuata mzunguko wa mifereji, lebo isilowe. Suuza kwa maji mengine ya betri yasiyo na sabuni, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kausha kivulini. Usiiloweke, maana maji hupenya penye nyufa. Juani itapinda. Ukimaliza, zipange wima kama vitabu. Zikilazwa rundo, za chini hupasuka kwa uzito.

Sindano ndiyo nusu ya kazi yote. Ile ya santuri za plastiki ina ncha ya kama maikroni 18 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), lakini mfereji wa shelaki unataka ya kama 75. Ncha ndogo huzama hadi chini kabisa, kwenye vumbi na mikwaruzo, isiziguse vizuri kuta zenye sauti. Matokeo yake utasikia kama vitumbua vinakaangwa, kisha utasema santuri imekufa, kumbe umesikiliza uchafu tu. Uzito wa mkono unaobeba sindano uwe gramu 3 hadi 5. Gramafoni ya kupiga hendeli iache iwe pambo: hukandamiza kwa zaidi ya gramu 100, na sindano yake ya chuma ilitakiwa ibadilishwe kila upande, kwa kuwa ule unga wa mawe huinoa ikawa kisu.

Mashine ya kupigia isipokuwa na mwendo wa mizunguko 78 kwa dakika, piga kwa 45 urekodi, kisha kwenye kompyuta uongeze mwendo mara 1.733. Kama rekodi imetoka kwa njia mbili, kushoto na kulia, ziunganishe ziwe moja. Kelele nyingi za sindano inaporuka juu na chini zitafutana. Hifadhi faili ya WAV, biti 24 kwa kilohezi 96. Saa moja ya njia mbili huchukua gigabaiti 2 na kidogo. Ile faili ghafi usiiguse. Kusafisha kelele fanya kwenye nakala, tena kwa mkono mwepesi, maana programu ikizidishwa hula pumzi ya mwimbaji na mlio wa fidla.

Ukikuta na kaseti, hizo ni rahisi zaidi. Vunja vile vijino viwili vya juu ili usirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Zungusha utepe taratibu kwa kalamu ya Bic mpaka usiwe umelegea. Tazama kama kile kipande cha sponji kinachousukuma utepe kimebanduka, kwani bila hicho sauti huwa hafifu na kuyumba. Zile za dakika 120 utepe wake ni mwembamba mno, usizirudishe nyuma kwa kasi. Sauti ikiwa butu, geuza kidogo sana skrubu ya pembeni mwa kichwa cha kusomea huku ukisikiliza herufi “s” za mwimbaji, usimame zinapokuwa kali. Zenye ukungu mweupe zifungie mfuko wao peke yao, na uvae barakoa unapozishika.

Kabla hujanunua sindano, nitumie kwanza zile namba zilizochongwa karibu na lebo.

Mama yako