Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: madaktari wa wafanyakazi tunaisha

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Najua mezani kwako barua hazikauki kwa hiyo sizunguki. Mimi ni daktari wa afya ya kazi, yaani natafuta na kuzuia magonjwa yanayoletwa na kazi, ukiniuliza ndo nini sitashangaa maana hata madaktari wenzangu wananiuliza, wengi wanadhani tunagonga tu mihuri kwenye fomu za wanaoanza ajira. Na kusema kweli tumeshafika huko, presha, macho, mkojo, muhuri, haya anayefuata.

Mwaka 1700 Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia, aliwataka wenzake wamuulize mgonjwa swali moja zaidi, unafanya kazi gani? Mpaka leo haliulizwi. Mtu anakohoa miezi, anapimwa TB haionekani, anapewa dawa ya TB hivyo hivyo, na hakuna aliyejua kwamba anakata mawe. Silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe, haina dawa ya kuiponya, vumbi likishaacha kovu kwenye pafu limeacha, na juu ya hapo linamfungulia TB yenyewe mlango. Tunachoweza ni kumtoa mapema kwenye vumbi, na kwenda kule anakofanyia kazi kuwawahi wenzake. Asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi yaliyowekwa kwenye mapaa, ndo usiseme, saratani yake inaweza kuchukua miaka 20 mpaka 40 kujitokeza, wakati huo wewe umeshastaafu na mimi pia, labda ndo maana hakuna mwanasiasa mwenye haraka (nisamehe kwa hilo).

Watu wakisikia kufa kazini wanawaza mtu kudondoka kwenye jengo. Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walikadiria vifo milioni 1.9 vya kazi kwa mwaka 2016, vingi ni magonjwa, na karibu 745,000 ni kiharusi na moyo kwa watu wanaopiga saa 55 na zaidi kwa wiki.

Sasa shida yenyewe: anayenilipa ni mwajiri. Kuna mahali niliwapima masikio watu wa idara moja, sita kati yao grafu inadumbukia pale kwenye hezi 4000, sauti nyembamba, halafu inapanda kidogo, ile ni alama ya masikio yaliyoharibiwa na kelele, mtu wa fani hahangaiki kuitambua. Nikaandika ripoti. Meneja akaniambia mashine yangu mbovu nirudie, nikarudia yakatoka yale yale, mkataba ulipoisha sikuitwa tena. Aliyekuja baada yangu sijui aliandika nini lakini namwelewa, ana watoto.

Mkataba wa ILO namba 161 wa mwaka 1985 unasema watoa huduma hii wawe huru kabisa kitaaluma, mbele ya mwajiri na mbele ya mfanyakazi. Uhuru gani na mshahara unatoka kwa yule ninayemkagua? Waajiri wachange mfuko mmoja, sisi tulipwe na mfuko, na kutuondoa kazini isiwe uamuzi wa meneja peke yake.

Ukifanya hivyo hata vijana watakuja. Sa hivi mwanafunzi wa udaktari anasikia habari zetu kipindi kimoja viwili anasahau, nafasi za ubingwa zenyewe za kutafuta kwa tochi, Afya wanasema sisi ni wa Kazi na nyie mnasema sisi ni wa Afya. Na wale madereva na bodaboda wanaopangiwa kazi na programu ya simu, wasio na bosi wa kumnyooshea kidole, daktari wao nani?

Hayo ya mafunzo tutaongea hata siku nyingine Mheshimiwa. Nijibu kwanza hili la nani anatulipa.