Kabla hujanyanyua gari ya kulala, chungulia kwanza chini yake

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaohangaika kutuletea gazeti. Naandika kuhusu hili suala la kunyanyua magari, maana hapa Arusha ukipita mitaa ya magereji kila siku unakuta Noah iko juu ya mawe inaongezewa urefu, na sasa hivi hata sisi tuliogeuza Hiace zetu zikawa gari za kulala, zenye kitanda na jiko na tanki la maji, tumeingia humo humo. Mimi nimenyanyua, nimelipa, nimefanyiwa kazi mara 2, na nusura nipate ajali nikiwa na watoto ndani, ndo maana nimeona nisikae kimya.

Gari yangu ni Hiace ya umbo lile lililotoka 2004, bodi nyembamba, inasukumwa na matairi ya nyuma tu. Nilitoa viti vyote vya nyuma nikaweka kitanda cha mbao, kabati, friji ndogo, betri 2 za sola, tanki la maji safi la lita 60, na chini ya sakafu kabla hujafika ekseli ya nyuma, ule mhimili unaoshika matairi mawili ya nyuma, nikaning'iniza tanki la maji machafu yanayotoka kwenye sinki. Juu nikafunga keria. Tunapopenda kwenda na familia ni Ziwa Eyasi, yani ukifika Karatu unaacha lami unashuka Mang'ola.

Anayeijua ile barabara ananielewa. Mang'ola ndo kwenye vitunguu, na malori yakishajaa magunia yanachimba mifereji miwili ya matairi, katikati unabaki mgongo mgumu wa udongo na mawe, sasa gari ndogo ikiingia kwenye ile mifereji matairi yanazama na tumbo linakaa juu ya mgongo. Safari ya kwanza tulipasua tanki la maji machafu, ekzosi ikakatika hanga inayoishikilia, na difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, ikapigwa na jiwe mpaka mama watoto akadhani tumegonga kitu. Niliporudi mjini nikasema basi, hii gari inyanyuliwe, nikaenda gereji.

Fundi akaniambia inchi 2 tu unamaliza shida zote, siku 1 kazi imekwisha. Mbele Hiace haina springi za kuzunguka, ina tosheni baa, zile nondo mbili ndefu zinazopinda badala ya springi, kwahiyo yeye akakaza bolti za kurekebishia mpaka mbele ikapanda. Nyuma kuna springi za bapa zilizopangana, akatoa vile vikono vinavyoshika springi na chasisi akachomelea virefu zaidi. Gari ikatoka pale imesimama vizuri sana, nikafurahi, nikapiga na picha.

Tukarudi Mang'ola. Difu ikagonga palepale ilipogonga mwanzo.

Hapo ndo nilianza kufikiri, na hili ndilo hasa nataka wasomaji walishike. Gari yenye ekseli nzima nyuma, kama Hiace, ekseli na difu yake vimekaa kwenye matairi, havijakaa kwenye springi. Springi iko kati ya ekseli na bodi, ukirefusha springi au vikono vyake unanyanyua bodi peke yake, difu inabaki pale pale umbali ule ule toka ardhini, hata ungenyanyua bodi futi nzima. Kitu pekee kinachonyanyua difu ni kimo cha tairi, na tairi lenyewe linakupa nusu tu ya ulichoongeza. Mfano tairi la kawaida la Hiace ni 195/80R15, kimo chake kama milimita 693, ukiweka 225/75R15 unapata kama 718, yani tairi limeongezeka milimita 25 lakini difu imepanda milimita 12 au 13 hivi, na hapo lazima uhakikishe kwanza halikwaruzi ndani ukikata kona huku gari imejaa, na ujue kwamba spidi mita ikisoma 80 wewe kweli unakimbia kama 83. Sentimita 1 na kidogo inaonekana si kitu, ila kwa difu ndo hiyo hiyo, hamna njia ya mkato.

Sasa kilichofuata ni kibaya zaidi ya difu kugonga. Ile barabara ya changarawe yenye mikunjo kama bati gari ilikuwa inapiga mpaka vyombo vinaruka kabatini, wakati kabla ya kunyanyua ilikuwa laini. Nikadhani shokapu zimekufa. Fundi mwingine mzee alikuja kunielewesha kwamba tosheni baa ukiikaza haiwi ngumu zaidi, ila unaulazimisha mguu wa mbele ukae karibu na mwisho wake wa kushuka, kwahiyo tairi likikuta shimo halina tena nafasi ya kushuka, mkono unagonga raba ya mwisho kila mara, ndo ule mshindo. Na boli jointi, vile viungio vya mguu wa mbele, zinakaa zimepinda muda wote. Zangu zilikwisha ndani ya miezi 4, tairi za mbele nazo zikalika upande mmoja kwasababu baada ya kunyanyua hatukwenda kupima alaimenti, yani kunyoosha mkao wa matairi, hakuna aliyeniambia na mimi sikuuliza.

Nyuma vile vikono virefu vikaizungusha ekseli kidogo, pembe ya propela shafti, ile nondo inayopeleka nguvu ya injini kwenye difu, ikabadilika, gari ikifika 80 kwenye lami inatetemeka sakafu nzima. Hata urefu wenyewe haukuwa ule tuliosema, maana kikono ukikiongeza sentimita 8 bodi pale kwenye ekseli inapanda kama nusu yake tu, kikono kiko upande mmoja wa springi, upande wa pili haujaguswa.

Na breki. Hapa naomba kila mwenye van asome taratibu. Hiace ya mizigo nyuma ina valvu ya breki yenye kijiti kilichounganishwa na ekseli, kazi yake ni kupima mzigo: gari ikiwa tupu nyuma inakaa juu, valvu inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili matairi yasije yakafunga ukaserereka, gari ikijaa nyuma inashuka, kijiti kinasogea, breki za nyuma zinapewa nguvu zote. Sasa wewe umenyanyua nyuma kijiti hujakigusa, gari imejaa maji na betri na watu 5 lakini valvu inadhani iko tupu, breki za nyuma zinafanya kazi kidogo sana, mzigo wote unabebwa na za mbele. Mimi nilikuja kuligundua hilo nikitoka Karatu, ule mteremko wa kona kona wa kushukia Mto wa Mbu, niko gia ya 3 nakanyaga breki naona pedali inazidi kwenda chini na harufu ya kuungua inaingia ndani, mtoto mdogo ananiuliza baba nini kinanuka. Nikashusha gia mpaka ya 1, nikavuta na handi breki kidogo kidogo, Mungu akasaidia nikapata sehemu ya kusimama. Diski za mbele zilikuwa zinatoa moshi. Tulikaa pale zaidi ya saa 1 zinapoa, chini Ziwa Manyara lote linaonekana na wageni wanasimama wanapiga picha, mimi mikono inatetemeka.

Tulivyofika mjini nikaipeleka kwa yule mzee niliyemtaja. Hakugusa spana. Alichukua futi kamba akapima kutoka katikati ya tairi mpaka ukingo wa bodi juu yake, pande zote 4, halafu akaniambia nitoe kila kitu ndani, maji, betri, friji, vyombo, magodoro, tukapima tena. Tukaja kugundua kwamba mzigo niliouweka mwenyewe, kitanda na makabati akiwa ameyahesabu pia maana uzito wa ubao anaujua, ulikuwa umeizamisha nyuma sentimita 6. Yani nilikuwa nalipia kunyanyuliwa sentimita ambazo nilizipoteza mwenyewe kwa uzito. Maji lita 60 ni kilo 60, betri 2 za zile za maji za 100Ah ni karibu kilo 60 nyingine, mbao nene nilizotumia sijui kwanini nilidhani hazina uzito.

Halafu akalala chini ya gari na tochi, akaniita na mimi nikalala pembeni yake, akaniuliza kitu gani hapa kiko chini kuliko vyote ukiacha difu. Lilikuwa tanki langu la maji machafu. Nililifunga mwenyewe, likiwa chini ya chasisi sentimita 9. Toyota waliibana kila kitu juu ya usawa wa chasisi mimi nikaja kuning'iniza ndoo.

Basi kazi ya pili tuliifanya hivi. Tanki la maji machafu likahamia ndani chini ya sinki, dogo la lita 15, na hapo pekee nikapata sentimita 9 bila kugusa springi. Kitanda nikabadilisha mbao nene kwa plaiwudi nyembamba yenye fremu ya bomba za mraba. Maji siku hizi najaza lita 30, nyingine naongeza njiani. Vikono virefu vikatolewa vikarudi vya Toyota, na kwenye springi za nyuma tukaongeza bapa 1 kila upande ili zibebe ule uzito wa kudumu, gari ikarudi usawa wake na ikazidi sentimita 3. Tosheni baa zikalegezwa mpaka mbele ikabaki imepanda sentimita 2 tu juu ya usawa wa kiwandani, mguu ukapata nafasi ya kushuka tena. Shokapu mpya, paipu za breki tukazikagua ekseli ikiwa inaning'inia kwenye jeki tuone kama hazivutiki, kijiti cha valvu kikarekebishwa, alaimenti, taa za mbele zikashushwa maana zilikuwa zinawapiga wenzetu machoni. Na tairi nilizokwambia, zile 225/75R15. Tunaenda Mang'ola na kurudi, mgongo wa katikati nikiuona umezidi natoka kwenye mfereji napanda matairi ya upande mmoja juu yake, kwenye mchanga napunguza upepo natembea polepole, nikirudi Karatu najaza.

Kuna jambo la kupinduka pia. Hiace ya bodi nyembamba ina upana wa milimita 1,695 na kimo cha 1,980 kabla hujafunga chochote, Wajapani waliibana ikae ndani ya mita 1.7 kwa ajili ya daraja lao la usajili. Ni ndefu kwenda juu kuliko upana wake. Ukaipandisha inchi 4 kama wanavyofanya wengine, ukaweka keria, hema la juu na galoni za maji juu ya keria, halafu ng'ombe akaruka barabarani ukakata usukani, hiyo gari ni rahisi kupinduka. Gari ya kulala haifanani na Noah ya abiria, ina mzigo juu siku zote 365. Kwahiyo wanaotafuta inchi 4 kwenye van, mimi nawasihi wauze wanunue gari yenye 4WD, yani inayosukumwa na matairi yote 4, na chasisi ya kazi hiyo. Mimi Kreta ya Ngorongoro siteremki na yangu, kule wanaruhusu 4WD tu na wako sahihi, naiacha juu tunakodi.

Mhariri, sisemi mafundi wetu hawajui, yule mzee ni fundi wa mtaani kabisa hana hata bango. Ninachoomba ni mambo mawili matatu. Kwanza ukurasa wenu wa magari ungetuletea mafundi wa aina yake waeleze kwa Kiswahili, kwa vipimo, maana kwenye video tunazoangalia ni lugha za watu na gari zenyewe sio hizi zetu. Pili, vyuo vya VETA vinavyofundisha ufundi wa magari viweke somo la kunyanyua gari, hii kazi inafanyika kila siku, kijana asimalize mafunzo bila kujua ile valvu ya breki ni ya nini. Tatu, askari wa usalama barabarani wanapokagua magari, wakikuta imenyanyuliwa wachungulie chini, paipu za breki, kijiti cha valvu, na ile michomeleo ya vikono, isiwe taa na tairi tu.

Na kwa mwenye gereji atakayesoma hii barua, mkishamaliza kazi muandikieni mteja kwenye risiti mmenyanyua sentimita ngapi mbele na nyuma na mmebadilisha nini. Mimi yangu ya kwanza iliandikwa neno moja tu, "kunyanyua".

Msomaji wenu,
Arusha