Rupia ya Mjerumani haina zebaki, na hela ya Tabora haitaki ndimu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako kwa faida ya wasomaji wanaookota, kurithi au kuuziwa sarafu za enzi ya Mjerumani. Sarafu hizi zinamalizwa na ndimu wanayozisafishia watu, na wenye nazo wanamalizwa na uzushi. Wapo wanaoaminishwa kwamba rupia ina zebaki ndani yake na kuna tajiri anaisubiri kwa mamilioni. Kwa imani hiyo watu wanatoa akiba zao, na magofu ya maboma yanafukuliwa bure.

Rupia ya fedha ni fedha na shaba kidogo ya kuikaza, hakuna kingine. Uzito wake ni gramu 11.66, upana milimita 30, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 917 ni fedha safi. Vipimo hivyo viliwekwa makusudi vilingane na rupia ya India, ambayo watu wa pwani walikuwa wameshaizoea. Zile za kwanza, kuanzia 1890, zilitolewa na Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, yaani Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki: upande mmoja Kaizari Wilhelm II na kofia ya chuma yenye tai juu yake, upande wa pili simba na mti kama mnazi. Rupia moja ilikuwa na pesa 64 za shaba, zenye maandishi ya Kiarabu na miaka ya Hijria 1307 hadi 1309. Mwaka 1904 serikali ya koloni ikashika kazi hiyo yenyewe, ikafuta hesabu ya pesa na kuigawa rupia kwa hela 100 (kwa Kijerumani Heller). Rupia 15 zikawa sawa na mark 20 za Ujerumani. Sarafu za kuanzia hapo zimeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, na herufi ndogo A ni alama ya kiwanda cha Berlin, J ya Hamburg.

Tundu katikati ya hela 10, na ya hela 5 za 1913 na 1914, lilitobolewa kiwandani. Halikutobolewa na mtu aliyetaka kuivaa shingoni, kwa hiyo asikupunjie bei mtu kwa kisingizio hicho. Hela 5 za shaba za 1908 na 1909 hazina tundu, ni pana milimita 37 na zina gramu 20. Ni nzito kuliko rupia yenyewe.

Zinazonifanya niandike hasa ni zile za Tabora za 1916. Waingereza walipoifunga pwani wakati wa vita, shehena za sarafu kutoka Ujerumani zilikatika, na rupia za fedha zilizokuwapo zikafichwa majumbani. Askari na wapagazi walitakiwa kulipwa. Basi karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu: hela 5 za shaba ya njano, hela 20 za shaba ya njano na nyingine za shaba nyekundu, na rupia 15 za dhahabu kutoka mgodi wa Sekenke. Kazi yote ilifanyika ndani ya miezi michache, maana tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji liliingia mjini.

Hela 20 ya Tabora ina taji, herufi D.O.A. (kifupi cha Deutsch-Ostafrika), mwaka 1916 na T ya Tabora; nyuma yake 20 HELLER. Msiipime kwa uzito. Mabamba yalikuwa ya unene tofauti, kwa hiyo sarafu mbili halali zinaweza kupishana gramu kadhaa. Mara nyingi taji limebonyea, au upande mmoja umegongwa vizuri na mwingine umefifia. Huo si ushahidi wa ubandia, ni alama ya mashine za karakana. Chukua lenzi uangalie taji: lipo kubwa, lipo dogo. Kisha angalia herufi L mbili za HELLER: kuna zenye ncha zilizochongoka na kuna zilizojikunja. Tofauti hizo zinatokana na mihuri iliyotumika kugongea, na ndizo wakusanyaji wanazozitafuta.

Sasa ndimu. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Asidi ya ndimu, siki au ukwaju huitoa zinki ya juu kwanza, na sarafu ya njano inabaki na uso wa rangi ya waridi. Mwenye nayo anadhani amepata ile ya shaba nyekundu, ambayo ni adimu zaidi, na anaiuza au kuinunua hivyo. Ukiigeuza ukatazama ukingo wake na sehemu zilizolika zamani, unjano utauona umejificha humo. Majivu na mchanga nayo hukwangua ncha za zile L mbili, na zikishakwanguka hazirudi. Kama sarafu ina udongo, iloweke katika maji ya betri (yale yaliyotoneshwa, siyo asidi ya betri), ubadilishe maji kila siku hadi yabaki meupe. Kisha ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini cha pamba bila kusugua. Ukiona unga wa kijani mpauko unaorudi kila ukiufuta, itenge na wenzake na uiweke pakavu, kwa sababu chumvi iliyo ndani inaendelea kuila.

Kwa rupia 15 ya dhahabu, usinunue bila mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Ya kweli ina tembo mbele ya milima, tai upande wa pili, na uzito wa karibu gramu 7.17, dhahabu ikiwa sehemu 750 kwa 1,000. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa kitako wala ubavu wa glasi. Namba utakayoisoma ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Dhahabu ya kiwango hicho itasoma kati ya 0.46 na 0.48, shaba ya njano iliyopakwa dhahabu, yenye uzito uleule, itasoma zaidi ya 0.8. Rupia ya fedha itasoma karibu 1.13. Kama imelika na uzito umepungua, gawanya uzito wake kwa namba hiyo: fedha yake hutoa takriban 10.3. Viputo vya hewa vilivyonata kwenye sarafu huharibu kipimo, vipanguse kwa unyoya. Maji hayamnasi aliyetumia dhahabu halisi kutengeneza nakala. Huyo anakamatwa kwa lenzi: herufi zilizovimba na vijitundu vidogo usoni ni dalili za kumiminwa kwenye kalibu, na ya kweli iligongwa.

Noti nitazigusa kwa kifupi. Za 1905 zilichapwa Ujerumani. Ya rupia 5 ina simba, ya rupia 10 ina bandari ya Dar es Salaam. Za dharura za 1915 hadi 1917 zimeandikwa Interims-Banknote, yaani noti ya muda, na karatasi zake ni za kila aina kwa kuwa ilitumika iliyopatikana. Zile zenye tarehe 1 Julai 1917 zilipigwa kwa herufi za mpira, hivyo mistari iliyopinda ni ya kawaida. Tafadhali msizipeleke kulaminishwa. Moto na gundi ya ile plastiki haviondoki tena, na selotepu huacha doa la kahawia. Bahasha ya karatasi kavu inatosha, kwa noti na kwa sarafu pia. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu huzitia ukijani.

Nawe mhariri, gazeti likichapisha picha ya sarafu ya namna hii, naomba zitolewe pande zote mbili, rula ikiwa kando, na uzito uandikwe chini ya picha.

Mkusanya sarafu,
Tabora