Barua kwa Mwanangu Aliyeko Maseno

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Nakuru hatujambo, na nyanya yako anakusalimu sana.

Umeniuliza kama kuna faida kujifunza Eniagramu, ule mfumo wa kuwagawa watu kwa tabia zao, ilhali tayari unajua kwamba wewe ni INFP, mojawapo ya aina za tabia katika mfumo wa herufi nne. Jifunze, ila ujue kwamba mifumo hiyo miwili haiulizi swali moja. Ule wa herufi nne uliundwa na Wamarekani wawili, mama na bintiye, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, kutokana na mawazo aliyoyachapisha mwanasaikolojia wa Uswisi, Carl Jung, mwaka 1921. Huo hutazama jinsi unavyopokea mambo na unavyoamua. Eniagramu yenye aina tisa hutazama unachokiogopa na unachokikimbilia. Mtu anaweza kujijua kuwa ni mpole, asijue kwamba upole wake unatokana na hofu ya kukataliwa. Mfumo wa pili ukikugusa hapo, umekufaa.

Lakini jihadhari na maelezo yanayokusifu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, kisha kila mmoja akapokea maelezo "yake". Walipoulizwa yana ukweli kiasi gani, wastani ukazidi 4 kati ya 5. Kumbe wote walipewa maandishi yale yale, ambayo Forer aliyatoa kwenye kitabu cha unajimu! Basi ukisoma kuhusu aina yako ukaona ni wewe mtupu, soma na aina ya mwenzako mnayelala chumba kimoja. Ukijiona na huko, hujaelezwa lolote.

Kuna pia mfumo wa sifa tano za tabia, ambao watafiti wengi wa saikolojia wanauamini zaidi. Haukupi jina, hupima umeelekea wapi na kwa kiasi gani, kwa kuwa wengi wetu tuko katikati. Upitie na huo.

Kilichoniuma katika ujumbe wako ni pale uliposema umekataa kuongoza kikundi chenu cha utafiti kwa sababu watu wa aina yako si viongozi. Nani amekuambia? Kwenye matanga ya babu yako ni wewe uliyepanga wageni walale wapi, ukawatuma binamu zako maji, na wazee wakakusikiliza. Hakuna herufi nne zitakazonifanya nisahau nilichokiona kwa macho yangu. Mfumo ukikuonyesha unapojikwaa, asante. Ukikufungia mlango, uache.

Jumamosi ukishuka Kisumu, kaa na shangazi yako pale sokoni Kibuye. Muulize unakuwaje mteja anapokukera, na unakuwaje ukisifiwa. Amekulea, na hana haja ya kukupamba. Andika majibu yake kabla hujafanya jaribio la Eniagramu, ndipo ulinganishe. Pale yanapopingana, niandikie, nami nitakuambia ninavyokujua.

Na kama kikundi hakijapata kiongozi, rudi uwaambie uko tayari.

Nakupenda,
Mama yako