Jumamosi tunatengeneza rilei

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi saa nne asubuhi tunatengeneza rilei, yaani swichi inayoendeshwa na sumaku ya umeme, kwa mikono yetu. Kila mmoja aje na msumari wa inchi nne, betri mbili kubwa za tochi na kopo tupu la nyanya. La soda hapana, ni la alumini, sumaku hailivuti. Waya wa koili ninao, nimeufumua kwenye feni iliyokufa bushi. Tutauzungusha kwenye msumari mara 200, kisha ncha zikwanguliwe kwa wembe mpaka shaba ing'ae. Wiki iliyopita koili tatu ziligoma kwa ajili ya vanishi tu, ile rangi inayofunika waya na kuzuia umeme! Kibati tutakachokata kwenye kopo kikivutwa na kugonga msumari, tak, mtafurahi sana. Umeme wa ukutani hatuugusi kabisa. Wazazi, tafadhalini wakumbusheni watoto.